Mbegu ilishapita kwetu: miezi mitatu kwenye kahawa ya Boquete

Tangu Agosti 2025 simu yangu haipumziki. Habari za mnada wa Panama zilipofika huku Machame, Kilimanjaro, kwamba fungu la kilo 20 la kahawa ya Geisha limeuzwa dola 30,204 kwa kilo kwa mnunuzi wa Dubai, kila anayejua kwamba niliwahi kwenda huko ameniuliza jambo lilelile: "Ulirudi na mbegu?" Sikurudi na mbegu. Jirani yangu mmoja ameshang'oa mibuni themanini na kumlipa mtu wa mbegu asiyemfahamu, na nilipoiona ile mibuni imelala pembeni mwa njia na mizizi juu, niliona nisiponyoosha maelezo sasa, mwakani kutakuwa na vihamba vingi vitupu, yale mashamba yetu ya nyumbani ya kahawa na migomba.

Nimekulia kwenye kihamba. Baba alikuwa na mibuni kama mia sita chini ya migomba. Tulichuma, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaanika, tukapeleka chamani, kwenye chama chetu cha ushirika. Bei ikisomwa baba anaguna, tunarudi nyumbani. Miaka yote hiyo tuliambiwa daraja la kahawa yetu na uzito wake. Ladha yake hakuna aliyewahi kutuambia, na sisi hatukuuliza.

Mwaka 2022, baba akiwa ameshafariki na kihamba kimebaki mikononi mwa mama na mimi, nilianza kusoma kuhusu Geisha. Mbegu zake zilikusanywa kusini magharibi mwa Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1930, zikapelekwa Kenya, na mwaka 1936 zikafika kituo cha utafiti cha Lyamungu. Mwaka 1953 zikatoka Lyamungu kwenda Turrialba, Costa Rica, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo inaitwa CATIE. Miaka ya 1960 zikavuka mpaka kuingia Panama. Niliisoma ile sentensi ya Lyamungu zaidi ya mara tatu. Kutoka kwetu hadi kituoni pale ni safari fupi ya bodaboda. Mbegu ambayo dunia inaifuata Panama ililala kwenye udongo wetu miaka kumi na saba kabla ya kupanda meli. Nikaamua lazima niende nione wenzetu waliifanyia nini.

Kosa langu la kwanza lilitokea kabla sijatoka nyumbani. Nilimpata mtu mtandaoni aliyejiita wakala wa mafunzo ya kahawa Amerika ya Kati. Akaniambia kwa dola 1,400 nitapata miezi mitatu ya masomo, malazi, chakula na cheti. Nilikopa kwenye kikoba, mama akauza ng'ombe, nikalipa. Viza ilinichukua wiki tisa, tiketi ikala zaidi ya nilivyopanga, na hadi naondoka Januari 2024 nilikuwa nimetumia dola 4,600. Nilipofika shambani, mwenye shamba akanionyesha barua pepe moja tu aliyoandikiwa na huyo wakala, ikiuliza kama mgeni kutoka Tanzania anaweza kutembelea. Hakuna masomo yaliyokuwa yamepangwa, na hakuna hata senti iliyomfikia. Nilisimama pale na begi langu, nikawaza ng'ombe wa mama.

Yule mzee mwenye shamba angeweza kunirudisha. Akasema nikae, nile pamoja na watu wa shamba, niende popote kazi ilipo, ila hawezi kunilipa kwa sababu viza yangu ni ya matembezi, na sheria haimruhusu. Nilikubali. Anayetaka kwenda aandike mwenyewe kwa shamba, kwa Kihispania, hata kama ni barua ya mistari minane iliyosahihishwa na mtu anayekijua. Wengi wa wenye mashamba pale Boquete, milimani magharibi mwa Panama nilikokuwa, wanajibu. Omba barua yenye jina la shamba, tarehe na utakachofanya, na usitume fedha kwa mtu ambaye mwenye shamba hamjui.

Lingine ni viatu. Panama hawana chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yetu yakiwa mabichi. Nilikwenda na buti mpya kabisa, nikaacha zile za shambani. Ukienda kwenye kahawa ya watu, na ukirudi kwenye ya kwenu, usibebe udongo, tunda wala mbegu mfukoni. Hili hata nikiombwa na ndugu sitalegeza.

Kutoka jiji la Panama hadi David ni kama saa saba kwa basi, halafu kiasi cha saa moja kupanda Boquete. Nilijiandaa kwa joto. Jijini nililikuta kweli, jasho halikauki. Lakini mji wa Boquete uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shamba nililokaa lilipanda hadi mita 1,700, ubavuni mwa mlima Barú wenye mita zaidi ya 3,400. Usiku wa kwanza nililala na nguo zote nilizokuwa nazo. Kuna kitu wanakiita bajareque: manyunyu membamba yanayosukumwa na upepo kutoka upande wa Karibi, yanavuka safu ya milima na kukushukia huku jua linawaka. Huwezi kuyaita mvua wala ukungu. Nywele zinalowa bila kujua zimelowa saa ngapi. Wenyeji wanayapenda, na baada ya wiki mbili nikaelewa sababu. Ubaridi ule na unyevu ule vinalichelewesha tunda kuiva, na tunda likichelewa, punje inajijenga polepole, inakuwa ngumu na kubeba utamu zaidi. Udongo wao ni wa volkano kama wetu. Nilipoushika mkononi sikuona tofauti.

Mti wenyewe wa Geisha ulinishangaza. Nilitegemea mti wa kujivunia, nikakuta mbuni mrefu mwembamba, matawi yametawanyika, matunda machache na yaliyoachana. Kwa macho ya mkulima wa kwetu ni mti wa kukatwa. Tawi ni jepesi kuvunjika, na mavuno yake hayafiki ya Catuai, aina ya kahawa ya kawaida huko, iliyokuwa upande wa pili wa njia. Msimamizi akanieleza kwamba ukiipanda chini, kwenye joto, unapata shida zote hizo na kikombe cha kawaida kabisa. Wanaosubiri mbegu waanze na hilo.

Wachumaji karibu wote ni Wangäbe, wenyeji wa asili wa magharibi mwa Panama, ambao wanahama na familia zao msimu wa kahawa. Wengine huvuka hadi Costa Rica. Wanawake huvaa magauni marefu ya rangi kali yenye mapambo ya pembetatu, na unawaona kutoka mbali mtelemkoni. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyenifundisha kuchuma. Mimi, mtoto wa Machame, niliyechuma kahawa tangu nikiwa na miaka mitano, nilidhani hapo sina cha kujifunza. Nilijaza kikapu haraka. Akanisubiri nimalize, akakimwaga kwenye turubai, akapiga magoti na kuanza kutenga bila kusema neno. Karibu theluthi moja ya kahawa yangu ikaenda pembeni: nyekundu ya kung'aa, nyekundu yenye kidoa cha njano karibu na kikonyo, zilizopitiliza na kukunjamana. Zilizobaki katikati zilikuwa na wekundu mzito unaoelekea zambarau iliyoiva. Akachukua moja, akaifinya mdomoni mwake, akanipa nyingine nifanye vilevile. Tamu kama asali. Kisha akanipa mojawapo ya zile nyekundu za kung'aa, ambazo kwetu ndizo za kwanza kuchumwa. Maji matupu, na ukakasi kidogo mwishoni.

Nililia jioni ile, na sababu ni kwamba nilimkumbuka baba. Miaka yote alikuwa na mibuni mizuri, sisi watoto tukaichuma ikiwa nusu.

Sehemu ya pili ya somo hilo ni malipo. Wao wana kipimo wanachokiita lata, ambacho ni debe letu kabisa. Catuai ya kawaida inalipwa kwa lata. Kwenye vitalu vya Geisha shamba lile lililipa kwa siku, kwa sababu anayelipwa kwa debe anakimbilia kujaza debe. Huku kwetu tunalipa kwa debe, halafu tunawalaumu vibarua kwa kahawa mbichi. Sitaficha pia kilichonisumbua. Bei za mnadani zinatangazwa dunia nzima, lakini yule mama aliyeshika kila tunda lililofika huko alikuwa analala kwenye chumba cha mabati na watoto wanne. Mwenye shamba alilipa vizuri kuliko majirani zake na aliwawekea watoto mahali pa kushinda mchana, hilo niliona kwa macho. Bado umbali kati ya bei ile na chumba kile ni mkubwa, na anayetaka kuanza kahawa ya namna hii kwa jasho la watu wengine ajiulize mapema atawalipa nini.

Niligundua jibu la swali lililonipeleka Panama siku ya mvua, tumekaa kibandani. Nikamuuliza msimamizi wenzake waliifanyia nini ile mbegu. Akanisimulia ya Hacienda La Esmeralda, shamba la familia ya Peterson. Mwaka 1996 walinunua shamba lililopo eneo la Jaramillo, na ndani yake kulikuwa na miti ya Geisha imechanganyika na mingine. Kwa miaka kadhaa kahawa yote ilichumwa pamoja na kuuzwa pamoja. Baadaye wakaanza kutenga kahawa ya kila kitalu na kuionja peke yake, na kwenye mojawapo ya vikombe ikatokea harufu ambayo waonjaji hawakuitarajia kwenye kahawa ya Panama. Mwaka 2004 waliipeleka kwenye shindano la Best of Panama, ikashinda, ikauzwa dola 21 kwa pauni, bei ambayo wakati ule ilikuwa haijasikika. Mbegu ilikuwepo Panama tangu miaka ya 1960. Ladha ilikuwepo. Ilikuwa imezama kwenye mchanganyiko.

Nilinyamaza muda mrefu. Chamani kwetu kahawa ya kihamba cha juu kabisa, kule kwenye baridi, inamwagwa kwenye gunia moja na ya bondeni. Nani anajua kilichozama humo?

Baada ya hapo nikaomba nipewe kahawa kidogo nijaribu kuikausha mwenyewe. Nikapewa kilo sitini za Catuai mbivu nizikaushe na ganda lake zima, bila kumenya. Nilizitia majini kwanza, nikaondoa zilizoelea, nikazitandaza kwenye meza mbili za wavu. Siku ya tatu jioni bajareque likaja kwa nguvu, nikaogopa. Kwenye meza ya pili nikazikusanya zote katikati zikawa lundo, nikafunika na plastiki, nikaibana pembeni zote zisipate hewa. Asubuhi nilipofunua, joto likanipiga usoni. Harufu ile naijua tangu utoto: mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyolala. Badala ya kumwambia mtu, nilizitandaza upya, nikageuza kila nusu saa, nikanyamaza. Niliona aibu, mgeni aliyepokelewa bila malipo anaharibu kahawa ya watu. Siku mbili baadaye kidogo tu zimwagwe kwenye fungu kubwa la jirani, na hapo ndipo nikasema. Msimamizi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kahawa iliyoharibika ikijulikana ni hasara ya meza moja, na ikifichwa ni hasara ya shamba zima. Akafunga kitambaa chekundu kwenye meza yangu mpaka zikauke.

Kwa anayetaka kujaribu kukausha hivyo: wiki ya kwanza tandaza safu moja, matunda yasipandiane. Geuza mara nyingi mchana. Usiku funika juu, lakini acha hewa ipite chini na pembeni. Ilinichukua siku ishirini na sita kufika unyevu wa asilimia 11, na katikati ya siku hizo huendi msibani wala harusini bila kuacha mtu. Kama huna mtu huyo, menya kahawa yako na uioshe, ndiyo njia tunayoijua na inaleta kikombe safi. Hata hapo usihesabu saa za kuchachusha kwa mazoea tu. Kule juu kwenye baridi utelezi unaofunika punje ulichukua hadi saa thelathini kuachia, bondeni chini ya ishirini. Wao husugua punje kiganjani. Zikikwaruza kama changarawe, wanaosha.

Katikati ya Machi wakaniita kwenye chumba cha kuonjea. Mara ya kwanza nilitolewa nje kabla sijashika kijiko, kwa sababu nilikuwa nimejipaka mafuta ya kunukia. Nikarudi kesho yake nimeoga kwa maji matupu. Kwenye vikombe waliweka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150, wakamwaga maji ya moto karibu ya kuchemka, wakasubiri dakika nne, wakavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua iko karibu kugusa. Halafu wanafyonza kwa kishindo. Mimi nilikimbilia kikombe cha moto, nikaunguza ulimi, na kwa saa nzima sikuonja kitu. Usikimbilie. Moto unaficha kasoro na unaficha utamu pia; wao walirudi kwenye vikombe vilevile vikiwa vuguvugu, kisha vikiwa baridi kabisa, na alama nyingi walizibadilisha hapo mwishoni.

Wakaniuliza naonja nini. Nikasema nzuri. Wakasubiri. Ukutani kulikuwa na mchoro wa majina ya matunda na maua ambayo mengine sijawahi kuyaona, nikajaribu kuyasoma, nikajiona mjinga. Yule mzee mwenye shamba akanigeuza kiti nisiuone ukuta. Akaniambia nifumbe macho nitaje kitu cha nyumbani. Nikanusa tena kikombe cha Geisha. Ikaja picha nzima: kihamba chetu siku chache baada ya mvua za kwanza, mibuni imechanua yote kwa pamoja, meupe, na harufu imejaa hadi ndani ya nyumba. "Ua la kahawa," nikasema. Kisha asumini, mchaichai, na baada ya kupoa, chungwa bichi la ngozi ya kijani. Akaandika yote. Kumbe hayako mbali na yale wanayoyasema wao, ua la asumini na matunda ya jamii ya michungwa, ila mimi nilikuwa naazima maneno kabla ya kutumia yangu. Tuna maneno ya kutosha: ukwaju, zambarau, tomoko, pera, muwa, hiliki. Mwenye pua ya kihamba asiyatupe.

Kikombe cha mwisho kilikuwa cha meza yangu ya pili, kimewekwa bila jina katikati ya vingine. Kikiwa cha moto kilinivutia, kilikuwa na utamu wa tunda. Kilipopoa kikawa siki na mbege. Niliwatajia kwamba kina kasoro kabla ya kuambiwa ni changu. Hilo liliniuma, lakini pia ndiyo siku niliyojua kwamba naweza kuonja.

Nilirudi mwishoni mwa Machi na deni la kikoba. Sikugusa aina ya miti. Nilichofanya ni kutenganisha kihamba sehemu tatu: juu, ambako kuna mibuni ya zamani ya N39, aina ya kahawa ya huku kwetu, aliyoipanda babu; katikati; na chini karibu na mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Nikatengeneza meza nne za wavu, nikanunua kipima unyevu, nikalipa vibarua kwa siku na kuwaomba wapite mbuni mmoja mara tano badala ya mara mbili. Msimu wa kwanza nilipata hasara. Gharama ya vibarua ilipanda, na fungu la katikati nililiharibu kwa kulimenya kesho yake badala ya siku ileile. Shangazi yangu alisema hadharani, kwenye kikao cha ukoo, kwamba safari ya Panama imekula ng'ombe na haijazaa hata ndama. Sikuwa na la kumjibu.

Fungu la juu, kilo sitini na mbili, nililipeleka kwa muonjaji Moshi. Akalipatia alama 84, na kahawa inahesabiwa ya kiwango maalumu kuanzia 80. Akaandika chungwa, sukari guru na chai ya rangi. Mkaangaji mmoja wa Arusha akalinunua kwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyozoea. Fungu la chini lilipata 78, likaenda chamani kama zamani. Kihamba ni kimoja na mikono ni ileile. Kama ningeyachanganya, nisingejua kabisa kwamba juu kuna kitu.

Jirani yangu nimemwambia aache mashimo yale themanini kwa sasa, aende TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Lyamungu aulize miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na mwaka huu achume mbivu tupu kwenye ile mibuni iliyobaki, aitenge, tuionje pamoja. Amekubali kwa shingo upande.

Sasa ni Oktoba. Fungu la juu liko siku ya kumi na moja mezani, kipima unyevu kilisoma asilimia 13.4 mchana. Tangu saa moja usiku ukungu unashuka kutoka msituni, na mama ameniita mara mbili. Natoka nikafunike.